Mtetemo Unafuata Nini?

Pikipiki ikianza kutetemeka kupita kawaida, hukumu hutoka haraka kijiweni: krenki imekufa. Dereva anasema, mwenzake anaitikia, fundi anakubali, na kufikia mchana injini iko kwenye beseni vipande vipande. Inawezekana krenki imekufa kweli. Lakini katika boda zinazoingia gereji za hapa Kihonda, Morogoro, kuanzia Mbuyuni hadi Maghorofani, nimeona zaidi bolti ya injini iliyolegea, tairi lililokaa upande kwenye rimu, au cheni iliyovutika mahali pamoja. Injini ikifunguliwa kwa kosa la namna hiyo, dereva anakosa hesabu ya bosi siku hiyo, ananunua gasketi ambazo hakuzihitaji, na chombo kinarudi barabarani kikitetemeka vilevile.

Kabla ya mtu kushika spana, liulizwe swali moja. Mtetemo huu unafuata nini: mzunguko wa injini, au mwendo wa magurudumu?

Swali hili lina jibu kwa sababu injini na gurudumu havizunguki kwa kasi moja. Chukua boda ya kawaida ya 125 au 150 inayokwenda kilomita 50 kwa saa. Tairi lake la inchi 17 au 18 lina mzingo wa mita 1.8 hadi 1.9, kwa hiyo linazunguka mara 7 na kitu kwa sekunde. Wakati huohuo injini, ikiwa kwenye gia kubwa, inazunguka kama mara 4,500 au 5,000 kwa dakika, yaani mara 75 hadi 83 kwa sekunde. Mkono unaijua tofauti hiyo hata kama mwenye mkono hajawahi kuifikiria. Kosa la gurudumu huja kama madundo, du-du-du, ambayo ukitulia unakaribia kuyahesabu. Kosa la injini haliwezi kuhesabika. Linakuja kama msisimko wa mfululizo unaopanda viganjani na kwenye nyayo, vioo vya pembeni vinafifia, na ukishuka vidole vina ganzi.

Kuthibitisha, tafuta barabara iliyonyooka isiyo na watu. Barabara kuu ya Dodoma haifai kwa jaribio hili, maana malori na mabasi yanayotoka stendi ya Msamvu hayakupi nafasi ya kusikiliza chombo chako. Ingia mitaa ya ndani asubuhi mapema, kofia ngumu kichwani, bila abiria. Panda hadi mwendo ambao mtetemo unajitokeza wazi, kisha bana klachi, achia mafuta, uiache pikipiki iserereke. Injini imeshuka sailensa, magurudumu bado yanakwenda kwa kasi ileile. Mtetemo ukikatika papo hapo, chanzo kiko upande wa injini. Ukibaki na kupungua taratibu pamoja na mwendo, iache injini, nenda kwenye magurudumu.

Kama bado una shaka, nenda kilomita 40 kwa saa katika gia ya tatu, halafu kilomita 40 zilezile katika gia ya nne. Gurudumu halijui uko gia gani. Mtetemo wake hautabadilika. Wa injini utabadilika. Kisha simamisha pikipiki, iweke nyutro, panda resi polepole usikie kama mtetemo uleule unarudi hapo hapo uliposimama.

Kuna mtetemo wa tatu unaowachanganya watu. Unatokea kwenye resi moja tu, labda kidogo juu ya kati, halafu ukipita hapo unapotea. Huo mara nyingi si ugonjwa wa injini. Kila chuma kilichofungwa kwenye fremu kina mdundo wake wa asili, na injini ikiufikia mdundo huo, chuma kinaanza kucheza nayo. Keria za kuchomelea mtaani ndizo watuhumiwa wa kwanza, kisha madigadi, namba ya usajili, bampa la mbele na ekzosi iliyopoteza bolti ya nyuma. Pikipiki ikiwa imesimama, mwenzako ashikilie resi hapo hapo kwenye kelele, nawe bana kwa mkono kifaa kimoja baada ya kingine, ukikwepa ekzosi yenye moto. Ukibana keria na kelele ikanyamaza, umemaliza uchunguzi bila kufungua kitu.

Tuanze na magurudumu, kwa sababu ndiko kwenye gharama ndogo. Tazama mstari mwembamba wa mpira uliochongwa ubavuni mwa tairi, karibu na ukingo wa rimu. Mstari huo ni kipimo cha mtengenezaji: lazima uonekane kwa umbali sawa kuzunguka rimu yote, pande zote mbili. Mahali unapozama, tairi halijakaa. Toa upepo, paka maji ya sabuni ukingoni, jaza tena mpaka liruke mahali pake. Kisha pitisha vidole kwenye spoki. Spoki iliyolegea inacheza mkononi, na ukiigonga kwa spana inatoa sauti butu kuliko jirani zake.

Mizani ya gurudumu unaweza kuipima mwenyewe, na nashangaa jinsi jambo hili linavyofanywa na watu wachache. Simamisha pikipiki kwa stendi ya katikati, inua gurudumu la mbele kwa gogo imara, legeza breki na utoe waya wa spidomita ili lizunguke huru. Lizungushe polepole, liache lisimame lenyewe, weka alama ya chaki sehemu iliyobaki chini. Rudia. Kama chaki ileile inarudi chini kila mara, hapo ndipo penye uzito. Upande wa pili, juu kabisa, viringisha kwenye spoki waya wa risasi wa mafundi redio, kidogo kidogo, mpaka gurudumu likubali kusimama popote unapoliacha. Ufunge waya imara usije ukachomoka mwendoni. Kwa gurudumu la nyuma, toa cheni kwanza.

Cheni yenyewe ipime ikizunguka. Vuta juu na chini katikati ya upande wa chini, sogeza gurudumu, pima tena, hadi uzunguke wote. Ulegevu wa sentimita 2 hadi 3 ndio wa kawaida kwa pikipiki nyingi za aina hii. Ukikuta mahali imekaza kama waya wa uzio na mahali inaning'inia, cheni hiyo imekwisha, na kuikaza zaidi kunaua beringi za nyuma. Raba zilizo ndani ya habu ya nyuma nazo zikisagika, kila ukifungua mafuta utasikia kishindo kwenye kiti.

Sasa injini. Anza nje, kwenye bolti zinazoishikilia kwenye fremu. Kabla ya kugusa chochote, angalia pembeni mwa kila bolti. Ukiona unga mwekundu wa kahawia kama kutu laini kati ya sahani na fremu, vyuma hivyo vinasuguana. Bolti inaweza kuonekana imekaza lakini kazi haifanyi. Kisha washa injini, weka ncha ya kidole kwenye kiungo, nusu juu ya sahani ya injini na nusu juu ya fremu, mbali na ekzosi. Vikienda pamoja, sawa. Ukihisi kimoja kinacheza peke yake, umeshika mwizi.

Namna ya kukaza ina maana kubwa kuliko nguvu ya kukaza. Mafundi wengi hukaza ile iliyolegea tu, kwa hasira, na kuondoka. Ukiziacha hivyo, injini itakaa imevutwa upande mmoja, huku fremu ikipokea kila pigo. Injini ikipoa, legeza bolti zote bila kuzitoa, legeza na ekzosi kwenye shingo yake na kwenye mkono wake wa nyuma, kwa sababu ekzosi iliyobanwa vibaya nayo huvuta injini. Tikisa injini kwa mikono ikae inapotaka. Kisha kaza kidogo kidogo kwa zamu, bolti zote, raundi mbili au tatu, ekzosi mwisho. Tundu la bolti likiwa limeshakuwa yai, hakuna kukaza kutakakosaidia; tundu lijazwe na kutobolewa upya, na bolti iwe ya unene sahihi. Tumia nati zenye plastiki ndani, na usizirudie zikishafunguliwa mara kadhaa.

Kama fremu imepasuka karibu na bolti ya injini, mchomeleaji asiichomelee fremu hiyo bila kipimo huku injini imetolewa kabisa. Bolti ziwe zimepita kwenye matundu yake wakati wa kushikiza, vinginevyo tundu litahama milimita chache, na kuanzia siku hiyo injini itakuwa inafungwa kwa kulazimishwa. Na betri itolewe waya kabla ya mashine kuwashwa.

Injini inayotikisika ikiwa sailensa na kutulia ikipanda resi kwa kawaida inakosa moto au mafuta. Plagi, kabureta, nafasi ya valvu, upepo unaoingia kwenye shingo ya kabureta. Kazi hizo kila fundi anazijua, sitazikalia.

Nitakaa kwenye pistoni, kwa sababu hapa ndipo pikipiki nyingi za Morogoro zinapoharibiwa na matengenezo yenyewe.

Pikipiki nyingi za Kichina zilizojaa nchini, SanLG na Fekon kati yake, zina injini za ukoo wa Honda CG125, iliyobuniwa miaka ya 1970. Pistoni ya CG125 ina upana wa milimita 56.5 na inasafiri milimita 49.5. Injini ya 150 ya ukoo huohuo inasafiri milimita 49.5 zilezile, ila pistoni yake ina upana wa milimita 62. Ndiyo maana fundi anaweza kukuambia, "Leta bloku ya 150 tuipandishe, itavuta hadi Kinole mlimani bila kuhema." Na kweli itavuta. Lakini pistoni pana ni nzito zaidi, na krenki iliyobaki chini ilipimwa kiwandani kwa ajili ya pistoni nyepesi.

Hebu tupige hesabu. Pistoni inapanda, inasimama, inashuka, inasimama. Kila inapogeuka, uzito wake unasukuma krenki, krenki inasukuma fremu, fremu inakusukuma wewe. Kwa safari ya milimita 49.5 na mizunguko 6,000 kwa dakika, kila gramu moja inayokwenda na pistoni inatoa msukumo unaokaribia uzito wa kilo moja, juu na chini, mara 100 kwa sekunde. Gramu moja, kilo moja. Pistoni mpya ikizidi ya zamani kwa gramu 30, umeongeza kama kilo 30 za kugonga fremu. Kwa mizunguko 3,000 msukumo huo ni robo tu, maana unakua kwa kipeo cha pili cha kasi: resi ikiongezeka maradufu, mtetemo unaongezeka mara nne. Hii ndiyo sababu pikipiki iliyopandishwa bloku inaonekana salama ikijaribiwa mbele ya gereji, kisha inalegeza kila nati siku ya kwanza kwenye mlima.

Kinga yake haina ugumu. Mizani ndogo ya kidijitali inayosoma gramu moja moja inauzwa kwenye maduka ya vyombo. Unapobadilisha pistoni, hata ya saizi ileile iliyoongezwa 0.25 au 0.50, weka ya zamani mizanini ikiwa na pini na ringi zake, andika, kisha weka mpya na pini na ringi zake. Tofauti ya gramu chache haina shida. Ikifika makumi, mrudishie muuza spea, tafuta ya kampuni nyingine. Usikubali pini nene ya chuma kizito badala ya ile nyepesi kwa sababu tu imeingia. Muuzaji anaweza kukushangaa, wewe pima hivyohivyo.

Mtu atauliza kwa nini kiwanda kisiweke tu uzito mkubwa kwenye krenki ukamaliza nguvu yote ya pistoni. Kwa sababu uzito wa krenki unazunguka, pistoni haizunguki. Ukiuongeza hadi ufute mtikisiko wote wa juu na chini, krenki itaanza kutikisa mbele na nyuma kwa nguvu ileile. Kwa silinda moja watengenezaji hukubali nusu au zaidi kidogo ya nusu, mtikisiko ugawanyike pande zote. Kwa hiyo silinda moja haiachi kutetemeka kabisa, na fundi anayekuahidi hivyo anakuahidi asichoweza.

Hata pikipiki kubwa za kifahari zenye silinda mbili za umbo la V zimepigana na jambo hilihili. Harley-Davidson, yenye silinda zilizoachana kwa nyuzi 45 na konrodi zote mbili kwenye pini moja, ilivumilia mtetemo wake kwa miongo mingi, ikafunga injini kwenye raba katika baadhi ya pikipiki, na kwa modeli za mwaka 2000 ikatoa injini ya Twin Cam 88B yenye shafti za kusawazisha ndani. Ducati ilichagua nyuzi 90, pembe ambayo uzito wa krenki unaweza kufuta karibu mtikisiko wote mkuu. Honda, katika baadhi ya V zake za nyuzi 52, ilizitenganisha pini mbili za krenki kwa nyuzi 76: chukua 180, toa mara mbili ya pembe ya V, unapata tofauti ya pini inayotakiwa. Mwenye pikipiki ya aina hiyo atumie majaribio yaleyale ya klachi na gia, na pistoni zake zote mbili zipimwe zilingane. Njia zote hizo zinategemea kitu kimoja, kwamba uzito wa pistoni ni ule uliopangwa.

Baadhi ya injini za ukoo wa CG nazo zina shafti ya kusawazisha, ndogo, inayozunguka kinyume cha krenki kwa meno. Jua kama yako inayo kabla injini haijafunguliwa. Gia ya shafti hiyo na gia ya krenki zina alama, nukta kwa nukta, ambazo lazima zitazamane wakati wa kufunga. Jino moja likikosea, shafti inakuwa haifuti tena sawasawa; ikikosewa sana inaongeza mtikisiko badala ya kuupunguza. Mwombe fundi akuonyeshe nukta hizo kabla hajafunika kava, upige picha kwa simu. Kama ametoa shafti na kuiacha nje kwa madai kwamba inakula nguvu, irudishwe.

Na krenki yenyewe? Dalili zake huja na sauti: mgongano mzito unaozidi unapofungua mafuta pikipiki ikiwa na mzigo, au uchezaji unaouhisi ukishika sumaku na kuisukuma juu na chini. Hapo kubadilisha konrodi ni lazima. Ila krenki ya pikipiki hizi imeshikamanishwa kwa kubanwa kwa presi, nusu mbili na pini katikati, na ikitenganishwa lazima ilengwe upya ili ncha zake zizunguke kwenye mstari mmoja. Kupotoka kunapimwa kwa sehemu za mia za milimita. Jicho halioni hilo, nyundo hailinyooshi. Uliza kabla ya kulipa: krenki itawekwa kwenye vishikizo na kusomwa kwa geji ya mshale? Kama hakuna geji, ipeleke kwa wenye nayo, au nunua krenki nzima. Ukitaka mtu wa kukufundisha kusoma geji hiyo, anzia kuuliza chuo cha VETA hapahapa Kihonda.

Wanaopanda milima ya Uluguru wana hesabu yao. Njia ya Kinole kufuata ndizi, au Mgeta na Nyandira kufuata kabichi na karoti, inamaanisha muda mrefu kwenye gia ndogo na resi ya juu, na tumeshaona resi inafanya nini. Usiikamue injini kwenye gia ya kwanza hadi ilie kama pili inabeba. Usiilazimishe pia kwenye gia kubwa hadi ikate pumzi, kwa sababu mapigo ya resi ndogo chini ya mzigo ni mazito na yanaumiza konrodi. Mzigo ufungwe karibu na kiti. Ukining'inia nyuma ya keria, fremu inapindika na bolti za nyuma za injini ndizo zinazolipa. Ukirudi mjini, spana ipite kwenye bolti zote za injini siku hiyohiyo.

Mikono yako pia ni sehemu ya pikipiki. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2002 inamtaka mwajiri achukue hatua mtetemo wa mikononi ukizidi mita 2.5 kwa sekunde ya mraba kwa siku ya saa 8, na inakataza kuvuka mita 5. Waliandika hivyo kwa sababu mtetemo wa miaka huumiza mishipa midogo ya damu na neva za vidole, na wataalamu wa Japani walishapima mikono ya askari wa usalama barabarani wanaoendesha pikipiki kwa sababu hiyohiyo. Dereva wa boda hana mwajiri wa kumpimia. Rudisha vile vyuma vizito vya ncha za usukani ambavyo wengi huvitoa, kwa kuwa kazi yake ni kutuliza mtetemo. Badilisha raba za mikono na za kukanyagia zikikauka. Shika usukani bila kuukaba. Vidole vikigeuka vyeupe wakati wa baridi ya asubuhi, au ganzi ikikufuata hadi usiku kitandani, nenda hospitali, na umwambie daktari tangu mwanzo kwamba unashinda juu ya pikipiki, unaendesha saa ngapi kwa siku na kwa miaka mingapi, kwa sababu bila habari hiyo atatafuta ugonjwa mahali pengine.